Kumshikia Mwenzio Jiko

Nimevunjika mguu kwa ganda la ndizi. Cheka sasa hivi tumalize, maana kila anayekuja kunipa pole anakaa, anavaa uso wa msiba, anauliza imekuwaje, na nikishamjibu namuona mdomo unamcheza mpaka anajifanya anakohoa. Mimi niliyelishwa na ndizi, nikavishwa na ndizi, nikasomesha mtoto kwa ndizi, nimeangushwa na ganda nililolimenya mwenyewe, nikalidondosha mwenyewe, mlangoni mwa jiko langu mwenyewe. Hata wa kumlaumu sina. Daktari aliponiuliza kazi nikamwambia napika mtori, ile supu nzito ya ndizi za kuponda, akasema, "Basi mama, ndizi zimelipiza kisasi." Wakanifunga hogo kuanzia pajani mpaka vidoleni, nikarudishwa nyumbani Sekei nimelala nyuma ya gari kama gogo la kupasua mbao, nikaingizwa kwenye chumba changu ambacho kimepakana na jiko la hoteli yangu. Nikisema hoteli usije na begi ukitafuta kulala. Ni mabenchi, meza chache zenye vitambaa vya plastiki, na ubao wa chaki nje wenye maneno matatu ambayo naweza kuyaandika bila kukosea: mtori, supu, chapati.

Basi nikalala hapo, mguu juu ya mito, nasikiliza jiko langu kupitia ukutani kama mtu anayesikia mtoto wake analia kwa jirani. Happy, mwanamke anayenisaidia kugawa chakula, ni mzuri kwa kila kitu isipokuwa moto. Happy anaunguza hata maji. Alianza kwa kuuza chapati peke yake, halafu akajaribu mtori, na mtori ukarudi jikoni bakuli kwa bakuli. Nikasikia fundi mmoja wa pikipiki anamuuliza, "Dada, hii ni ya kula au ya kuzibia pancha?" Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana kazi yetu hii haina likizo ya ugonjwa. Mteja wa mtori ni kama kuku wa kienyeji. Ukichelewa kumtupia punje anaingia kwa jirani, na huko huko anataga.

Asubuhi moja nikiwa kwenye mawazo hayo nikasikia, "Hodi humu." Sauti nyembamba, ya chini, ya mtu anayeomba njia kanisani ibada ikiwa imeshaanza. Miaka mingi sana sikuwa nimeisikia, lakini mwili uliijua kabla ya kichwa. Akaingia Elipendo. Amezeeka vizuri, mweusi mkavu, kitenge safi, kikapu mkononi, na viatu vina udongo wa shambani kwake Makumira.

"Aikande. Pole."

"Asante, dada. Karibu. Sogeza hizo nguo ukae."

Hakukaa. "Neema amenipigia simu. Anasema kanisani kwenu wametangaza umevunjika. Hawakusema umevunjwa na nini."

"Ganda la ndizi."

Neema ni binti yake, na siku hizi ana watoto wake. Nikasubiri mdomo umcheze mama yake. Haukucheza. "La ndizi mshare?" akauliza.

"La mshare."

"Mshare unateleza," akasema, kama anamtaja mtu mkorofi lakini wa ukoo. Halafu akatua kikapu chini, akautazama ukuta wa upande wa jikoni, akaniuliza, "Jiko nani anakushikia?"

Kwa mtu mwingine hilo ni neno la kawaida tu, kushikia. Kwetu sisi wawili ni neno lenye mwaka mzima ndani yake.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani tuyaache, hayana mapishi. Wewe chukua tu kwamba mwaka ule nilikuwa msichana niliyeacha shule kidato cha pili, au shule iliniacha mimi, mpaka leo hatujakubaliana, na nilikuwa nimepanga Daraja Mbili kwenye nyumba ya vyumba vingi na choo kimoja. Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani ulikuwa wa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, na mapengo tuliyaziba kwa magazeti na kalenda zilizoisha. Kilichosemwa upande wa pili ulikisikia utake usitake. Jirani huyo alikuwa Elipendo, Mmeru wa Akheri, kanizidi miaka michache, mumewe utingo wa malori ya safari ndefu, mwanaume aliyekuwa anakuja nyumbani kama mvua za vuli: ukizisubiri hazinyeshi, ukianika nguo zinanyesha. Elipendo alikuwa anapika mtori nyuma ya magereji. Siku moja alinisikia nalia njaa, maana nilikuwa nalia kwa sauti, aibu sikuwa nayo, akanigongea ukutani. "We mtoto, kesho utaamka na mimi." Kesho yake akanipeleka kwenye mstari wa mama lishe, akanionyesha nafasi pembeni ya benchi lake, akawaambia wenzake, "Huyu ni mdogo wangu." Mchaga wa Machame, mdogo wa Mmeru wa Akheri! Hakuna aliyeuliza ni mdogo wa tumbo gani. Nafasi kwenye mstari ule watu walikuwa wanaisubiri mpaka mtu afe. Mimi niliipata kwa kulia.

Mstari wenyewe ulikuwa kati ya ukuta wa gereji na mfereji wenye maji meusi ya oili, bati bovu juu, tope chini, na moshi ambao kwa sababu nisizozijua ulikuwa unanifuata mimi tu. Maji tulikuwa tunanunua kwa ndoo, na bomba likikauka tunaosha bakuli kwa maji yale yale mpaka yanafanana na mfereji. Mvua ikinyesha kuni hazishiki. Mgambo wa jiji wakitokea tunabeba sufuria za moto tunakimbia, na mafundi wanatufichia kwenye magari mabovu, kiasi kwamba mtori wa Elipendo umewahi kukaa kiti cha mbele cha lori kama bosi, mgambo wanapita chini hawauoni. Kila mtu alikuwa na chakula chake. Elipendo mtori. Mimi maharage, na maharage yangu yalikuwa na mawe, mafundi walisema kwangu unakula na kutengeneza barabara. Kwenye kona alikaa Mama Kanaeli, mkubwa kuliko sisi wote, mkali, mvuta ugoro, anauza chai na maandazi. Maandazi yake fundi akikosa nyundo alijua pa kuazima. Lakini sheria za mstari zilikuwa kwake. Hupiki anachopika mwenzio. Humuiti mteja aliyeshainama kukaa kwa mwenzio. Na mwenzio akifiwa, akiuguliwa au akijifungua, jirani yake wa benchi anamshikia jiko: anapika chakula chake, kwa sufuria yake, kwenye benchi lake, na pesa inamfuata nyumbani. Bima yetu ndiyo ilikuwa hiyo. Mwanamke wa biashara kama zile akizaa, siku hiyo hiyo amefukuzwa kazi, asipokuwa na mtu wa kushika mwiko.

Elipendo alikuwa na mimba mwaka ule, na alipika nayo mpaka mwisho. Siku uchungu ulipomshika alikuwa anaponda ndizi. Nikamuona ameegemea mwiko kama mchungaji anayeegemea fimbo, jasho linamtoka, macho kayafumba.

"Dada, vipi?"

"Nyamaza. Hao wa kwenye lori hawajala."

Akawagawia wa kwenye lori. Akafuta mikono. Akanipa mwiko, akasema, "Mifupa ya kesho nimeshaagiza," ndipo akakubali kupakiwa. Aliyempeleka hospitali ni Maiko, mchomeleaji, kwa gari la mteja lililokuwa linasubiri kufungwa breki. Walifika mapema sana, kwa sababu hiyo hiyo. Akazaliwa Neema.

Mchana ule Mama Kanaeli akaniita kwenye kona yake. Mimi kwenye mstari jina langu lilikuwa Kasuku, huna haja ya kuuliza kwa nini.

"We Kasuku. Unajua kumshikia mwenzio jiko?"

"Najua, mama. Napika kama anavyopika yeye."

"Hujui. Unapika kama yeye, halafu chumvi unapunguza."

"Napunguza?"

"Kidogo. Mtu ale, ashibe, ila ulimi ubaki unamuulizia mwenyewe. Akiinuka hapo awe anasema, hivi Elipendo anarudi lini. Umenielewa?"

Nikacheka. "Mama Kanaeli, yaani niharibu chakula kwa makusudi? Nimeharibu kingi bila makusudi na sijawahi kusifiwa."

Akabana ugoro kwa vidole viwili, akaupeleka puani taratibu. "Cheka. Na wewe siku yako ya kushikiwa inakuja."

Nataka uamini kwamba siku za mwanzo nilipunguza. Kweli kabisa. Pale kwetu chumvi ya mezani haikuwepo, chumvi ilikuwa ya mpishi, ukipewa umepewa. Na kile alichosema yule mama kikatokea vile vile: watu wanakula, wanafuta midomo, wanauliza, "Mama mwenyewe anarudi lini?" Mimi nimeamka alfajiri, nimemenya mkungu mzima, vidole vyeusi kwa utomvu, nimeponda mpaka bega linauma, na mtu anakula chakula changu huku anamuulizia mwanamke mwingine. Kwa nini nisiseme, iliniuma. Halafu asubuhi moja Maiko akapiga kijiko bakulini, akatangaza kwa benchi zima, "Mtori wa Kasuku ni kama hadithi zake. Mrefu, hauna chumvi." Wakacheka mpaka wa gereji ya pili wakachungulia. Nami nilicheka, mimi nikichekwa huwa nacheka kuliko wote, ni ugonjwa. Kesho yake nikatia chumvi. Na nikishatia chumvi nikaona niongeze karoti, na kijiko cha samli, na mfupa wenye ute ndani niliochemsha tangu giza. Maiko akaweka kijiko mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa na miaka kama ishirini, na hapakuwahi kutokea mtu wa kufumba macho kwa ajili yangu, ukimtoa mwalimu wa hesabu.

"Nani kakufundisha hii?" akauliza.

Jibu lilikuwa fupi, jina moja tu. Mimi nikasema, "Nimezaliwa nayo."

Kuanzia hapo nilinoga. Wateja wakaongezeka, wengine wanakula wima. Nagawa huku nasimulia, namuigiza mgambo anavyokimbia, naigiza maharage yangu, na watu wanarudi kwa mtori na kwa maneno. Mama Kanaeli akanigeuzia mgongo, na ule mgongo ulikuwa mpana, hukuweza kusema hujauona. Sikuujali. Nilikuwa nampelekea Elipendo pesa yake yote, najiambia mimi mwaminifu kuliko benki.

Unajua mtori kwetu huku ndiyo chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua analazwa ndani, anafunikwa, anapikiwa mtori mpaka anenepe. Elipendo aliyewanenepesha wachomeleaji wa Daraja Mbili zamu yake ilikuwa imefika, nami nikaona jambo la heshima ni kumpelekea wa kwenye sufuria yake mwenyewe. Nikabeba bakuli limefunikwa kwa sahani. Chumba kilikuwa cha joto, kinanukia samli na maziwa na nepi zilizoanikwa kwenye kamba juu ya kitanda. Mama mkwe wake alikuwa ametoka Makumira kuja kumuuguza, kakaa kwenye kigoda miguuni mwa kitanda. Elipendo kajiinua, mtoto ananyonya kwa kelele ndogo ndogo kama cherehani. Akapeleka kijiko cha kwanza, akatulia nacho. Akameza polepole. Akanitazama kwa muda ambao wakati ule niliuona wa kawaida.

"Chumvi imekaa," akasema.

Mimi, na akili zangu za nusu ya kidato, nikaona nimesifiwa. "Imekaa eeh? Basi na wateja ndivyo wanavyosema! Dada, jana wamekula mpaka wengine wamesimama!"

"Vizuri," akasema. Akala bakuli lote. Mzazi lazima ale.

Nikarudi chumbani kwangu naimba. Nikavua viatu, nikakaa kitandani, na upande wa pili wa mabanzi nikamsikia mama mkwe.

"Mkwe wangu, huyo msichana anakunyang'anya jiko."

"Ananishikia, mama."

"Kwa chumvi ile?"

Nikasikia mtoto anapigwapigwa mgongoni acheue. Halafu Elipendo akasema, "Ni mtoto, mama. Hajui."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa kwenye kona, mchana kweupe, kwa Kiswahili. Kati yangu na yeye palikuwa na banzi moja na gazeti, ningegonga ukuta kama alivyonigongea yeye, niseme dada, najua, kesho napunguza. Nilikaa na viatu mkononi. Na kesho yake chumvi nilitia vile vile, maana Maiko alikuwa ameahidi kuja na wenzake wa kutoka Themi.

Elipendo alirudi kwenye mstari Neema akiwa mgongoni. Kila kitu kikafanyika kwa sheria: nikainuka kwenye benchi lake, nikamkabidhi mwiko mbele ya watu, nikahamia kwenye maharage yangu na mawe yake. Wateja wakamshangilia, wakamshika mtoto mashavu. Halafu wakala.

"Mama Neema," Maiko akasema, na alisema kwa upole, yule hakuwa mtu mbaya, "karibu tena, tulikukosa. Ila huu mtori una nini?"

"Una nini? Ni ule ule, fundi."

"Hapana, mama. Ulimi haudanganywi. Kasuku! Umestaafu?"

"Nimestaafu, nasubiri mafao!" nikajibu. Wakacheka.

Kila siku likawa hivyo, na kila siku nilikuwa na kichekesho tayari. Ningeweza kusema, nyie, mtori ni wa huyu mama, mimi niliuvika tu karoti. Ningeweza kunyamaza basi, hata hilo lingesaidia. Elipendo akaanza kuikimbiza chumvi yangu. Akaongeza, akazidisha, akatia karoti, akatia samli, mtori ukawa si wake wala si wangu, na bakuli zikawa zinabaki nusu. Moshi ulikuwa unamkohoza mtoto, akimtoa pembeni anyonyeshe mteja anasubiri, akichelewa kwa sababu ya kliniki anakuta wameshakula chapati kwingine. Neema akashikwa na homa, nikashika tena jiko, benchi likajaa tena. Aliporudi aliwakuta wamekaa, wanacheka, wananiangalia mimi. Alisimama pale na mtoto mgongoni na kanga kichwani, mgeni kwenye benchi alilolitengenezesha mwenyewe kwa mbao za mumewe. Hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilimuona. Nikaendelea kugawa.

Walipoondoka akanisogelea. Nikamnyooshea mwiko, hakuupokea.

"Shika tu, Aikande."

"Nishike mpaka lini?"

"Shika. Mama mkwe ana kihamba, shamba la migomba, kule Makumira, mikono haitoshi. Nitapata cha kufanya."

"Na sufuria?"

Akaitazama sufuria yake, ile kubwa yenye mkono mmoja uliopinda. "Imeshakuzoea."

Sasa hapo mtu mwingine angelia. Angepiga magoti, angesema hapana dada, haiwezekani. Kwangu kilitoka kile ambacho huwa kinatoka. Nikasema, "Haya dada, ukishindwa shamba rudi. Nitakuwekea nafasi ya kuosha vyombo."

Elipendo akacheka. Alicheka muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, akafuta macho kwa ncha ya mbeleko, akamsogeza mtoto mgongoni akakaa sawa, akaondoka kwa kupitia kona ya Mama Kanaeli. Wakapeana mikono. Mama Kanaeli hakuniambia kitu siku ile wala siku nyingine, mpaka alipoacha kuuza maandazi kwa sababu ya macho. Alipofariki nilipika msibani kwake, nikatia chumvi ya kutosha, na kila mtu akanisifia.

Watu huniuliza nilianzaje, wakiona hoteli. Nawaambia nilianza na sufuria moja. Wanapiga makofi, wanasema mwanamke wa shoka. Ni kweli, ilikuwa moja, sijadanganya. Mara nyingi nimetoka hapa Sekei nimevaa kitenge kizuri, nimejipanga maneno njiani, naenda Makumira kuomba radhi. Nashuka barabarani, naona akina mama wanauza ndizi pale, naulizia bei, nanunua, nageuza. Mtu anakwenda kuomba msamaha anarudi na mkungu! Kitu kimoja tu nimeweza: utani wa mtu mwingine niliuacha. Najitania mwenyewe, mguu wangu, shule yangu, maganda yangu. Ndiyo maana nilikuambia ucheke mapema.

Sasa amesimama chumbani kwangu, ananiuliza jiko nani ananishikia.

"Hakuna, dada," nikamjibu. "Happy anajitahidi."

"Ile sufuria ipo?"

"Ipo. Ina viraka."

"Hata mimi ninavyo," akasema. Akafungua kikapu, akatoa aproni iliyokunjwa vizuri, akaivaa hapo hapo mbele yangu, akapita mlango wa jikoni kama aliyetoka pale jana.

Nikabaki na ukuta. Nikasikia ndizi zinaangukia kwenye beseni la maji, nikasikia mwiko, ule mpigo wake, miwili ya haraka na mmoja mzito. Na nitakuambia jambo la aibu kuliko yote niliyokwisha sema. Niliogopa. Nilihesabia moyoni wateja wangu, yule wa benki ndogo, yule mwalimu, wale wa pikipiki, nikawaza, akiwapikia mtori wake ule wa kweli, mimi nikitolewa hogo nitakuta nani? Nilikuwa natamani awachukue wote, nipumzike. Na nilikuwa nimekamata shuka kwa mikono miwili nisije kupiga kelele atoke jikoni kwangu.

Happy akaingia, kakumbatia vikopo vya chumvi vya mezani, vyote, kauso kamekunjamana.

"Mama, yule mama kasema nivikusanye nivilete huku kwako. Nimemuuliza tatizo nini, anasema mwenye jiko ndiye mwenye chumvi. Wateja wakidai nitasemaje?"

"Vipange hapo dirishani," nikasema.

Akavipanga. Saa ya chai benchi zikaanza kulia, vijiko vikaanza kugonga, na nikamsikia yule fundi wa pikipiki, mwenye habari za pancha.

"Mama mgeni, leo angalau tunakula. Mtori mzuri. Ila chumvi umeisahau."

"Sijaisahau."

"Na mezani hamna."

"Iko kwa mwenyewe."

Akatafuna kidogo. "Kwani Mama Aikande anarudi lini?"

"Anarudi," Elipendo akasema. "Mfupa ukiunga tu anarudi. Muombeeni."

Wateja walipopungua akaniletea bakuli, limefunikwa kwa sahani. Akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu afike, mikono mapajani, imenyauka kwa maji ya ndizi.

"Dada," nikaanza. "Elipendo, mwaka ule mimi nili..."

"Kula kwanza. Unapoa."

Nikapeleka kijiko. Ndizi laini, nyama imechambuka, ute wa mfupa, kila kitu mahali pake, mtori wa Daraja Mbili wenyewe, na chumvi imepungua. Kidogo tu. Kidogo kabisa, kwa kipimo cha mtu anayejua anachofanya. Nikatulia nacho mdomoni. Yeye alikuwa anaangalia mguu wangu, hakuniangalia usoni. Vikopo vya chumvi vilikuwa pale dirishani vimejipanga, karibu na bega langu, na mikono yangu yote miwili ni mizima, haijafungwa hogo. Nilikula bakuli lote, nikakwangua mpaka chini, na mkono sikuunyoosha.